Dirisha la Stoo

Duka la vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi si mahali pa kutafuta mchumba. Ni mahali pa kukanyagwa. Watu walisongamana mbele ya kaunta na vikaratasi mikononi, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyetangulia, na harufu ya rangi na chuma ilikuwa imetanda mpaka mlangoni. Mshonaji wa mapazia alikuwa amekuja kununua fimbo za kutundikia. Alivaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, kilemba cha bluu, na shingoni ilining'inia futi ya kupimia, maana kila siku alisahau kuivua.

Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe, amebeba bomba begani.

"Bwana Sawa, saruji mifuko mingapi?" mtu alimwita kutoka kushoto.

"Sawa, nakuja!"

"Bwana Sawa, hivi vigae umevikubali?" mwingine kutoka kulia.

"Sawa, sawa!"

Akageuka huku, akageuka kule, na ncha ya bomba ikakizoa kilemba cha mshonaji na kukitumbukiza kwenye ndoo ya rangi.

"Samahani sana, dada."

"Samahani inafua rangi?"

"Haifui. Nitakununulia kingine."

"Cha bluu hii hii?"

"Sawa."

"Na cha kijani juu yake, kwa usumbufu."

"Sawa."

"Na nyumba?"

"Sawa," alisema, kabla hajasikia vizuri alichoulizwa. Mshonaji akacheka mpaka muuzaji naye akacheka, na pale pale wakabadilishana namba za simu.

Kijana huyo alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Jina la Bwana Sawa alipewa na wateja wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akikataa. Mteja akitaka vibaraza vitatu kwenye kiwanja cha hatua mbili, yeye atasema sawa, atachora, na atakayelia baadaye ni fundi. Mwanamke mwenye akili zake angejiuliza mtu wa namna hiyo anakuwaje nyumbani. Lakini mapenzi yakishaingia, akili huombwa isubiri nje.

Simu zilianza, na kwa sababu ya ile futi ya shingoni kijana akampa jina.

"Sentimita wangu, umekula?"

"Nimekula. Unataka nini saa za kazi?"

"Kusikia sauti yako."

"Umeshaisikia. Kwaheri." Wala hakukata.

Mwaka ulipopita, walikuwa wamepata kiwanja kando ya ziwa, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Siku ya kwanza walikaa juu ya rundo la mawe, maji yakimetameta mbele yao, na mshonaji akavua viatu.

"Nina sharti moja," alisema. "Nalisema sasa, kabla hata msingi haujachimbwa."

"Sema, mpenzi."

"Nyumba hii ni yetu sisi wawili, na watoto Mungu akijalia. Sitaki kuishi na wakwe. Mama yangu aliuguza watu wa baba miaka kumi na moja. Bibi alipofariki akaja shangazi, shangazi alipopona akaja mjomba. Mimi sikumbuki kumwona mama amekaa. Wageni waje, wale, walale, waondoke. Sawa?"

"Sawa, mpenzi."

Alisema haraka, na akatazama majini badala ya kumtazama yeye. Mshonaji aliliona hilo. Alilinyamazia, na aliyenyamazia hilo moja alikuja kunyamazia mengi.

Nyumba ikapanda. Ramani yake aliibandika kwenye ukuta wa duka lake la mapazia, juu ya cherehani: sebule, chumba chao, chumba cha watoto, chumba cha kushonea, jiko, stoo. Fremu za madirisha zilipowekwa, alikwenda na futi yake kupima moja baada ya jingine, akiandika kwenye daftari. Alipofika stoo, akasimama.

"Mchoraji, hili dirisha mbona linakaribia sakafu?"

"La hewa, mpenzi. Stoo isiyo na hewa huota kuvu."

"Linatazama ziwa. Majembe nayo yanapenda mandhari?"

Bwana Sawa akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

"Na mlango mpana hivi?"

"Wa kupitishia mizigo."

Akapima dirisha. Upana sentimita mia mbili arobaini na tatu. Urefu upande wa kushoto mia moja thelathini na moja, upande wa kulia mia moja ishirini na saba. Fundi alikosea, dirisha likakaa upande. "Utalirekebisha?" aliuliza. "Sawa," alijibiwa, na halikurekebishwa. Wasiwasi ndio akili, husemwa. Mshonaji alirudi mjini akiwa na akili nyingi sana siku hiyo.

Alianza kuhesabu mambo. Miaka miwili sasa, hajapelekwa kwao. Baba yake, ati, yuko mbali, hawezi safari. Dada yuko naye, ana shughuli. Kila akiuliza lini, anajibiwa karibuni. Halafu zile simu za kupokelea nje, na ile harufu ya marashi ya kike ndani ya gari, ambayo ati ni ya mteja.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha, mwanamke aliingia dukani. Mnene wa kupendeza, gauni la zambarau, heleni ndefu, viatu amevishika mkononi visilowe.

"Habari za kazi, dada. Nataka pazia zito. Anayelala humo hapendi jua la asubuhi kumpiga machoni." Akatoa kikaratasi. "Vipimo hivi hapa. Ila nisamehe, dirisha lenyewe limepinda."

Mshonaji alisoma. Mia mbili arobaini na tatu. Mia moja thelathini na moja, mia moja ishirini na saba.

Mtu mwingine angeona tarakimu tu. Yeye aliona ukuta wake, sakafu yake, na maji yake ya ziwa nje. Katika mji mzima hapakuwa na dirisha jingine lililopinda sentimita nne upande wa kulia.

"Ni nyumba mpya?" aliuliza, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu.

"Mpya kabisa, kule ziwani. Tunahamia wiki hii. Yaani aliyetujengea ile nyumba, Mungu amzidishie. Ananijali!"

"Mumeo?"

"Mume gani!" Mwanamke akacheka, heleni zikacheza. "Huyu ni zaidi ya mume. Mume anaweza kukuacha."

Simu yake ikalia. "Niambie, kipenzi. Ndiyo, niko kwa fundi wa mapazia. Ijumaa, eh? Umletee na lile godoro." Na kutoka ndani ya simu, ndogo lakini wazi, ikatoka sauti ambayo mshonaji angeitambua usingizini: "Sawa, sawa, sawa."

Akaandika oda.

Jioni alipiga simu yeye.

"Leo saa saba ulikuwa unazungumza na nani?"

"Saa saba? Mteja, mpenzi. Kwa nini?"

"Nilikupigia, ukawa unatumika."

"Ah, mteja. Ana maneno mengi."

"Na Ijumaa uko wapi?"

"Ijumaa nina kazi nje ya mji. Tuonane Jumamosi?"

"Sawa," alisema mshonaji, na kwa mara ya kwanza neno lile lilimchoma ulimi.

Mshonaji mwenzake, mama mtu mzima aliyekaa cherehani ya pili, alikuwa amesikia yote. "Mwanangu, mrarue huyo mwanamke."

"Sirarui mtu. Nitashona."

"Utamshonea mke mwenzio pazia?"

"Nitamshonea, tena pindo mbili. Halafu nitakwenda kulitundika kwa mikono yangu. Nataka nione kitanda kinawekwa upande gani."

Alishona siku tatu. Alilia kwenye kitambaa, akakipiga pasi, akaendelea.

Ijumaa asubuhi alivaa lile gauni la manjano, akakodi gari la kubeba ngazi, akaenda. Mwanamke wa zambarau ndiye aliyemfungulia mlango, mlango ambao yeye mwenyewe aliuchagulia rangi. "Karibu, fundi, karibu! Usiogope vumbi." Sebuleni palikuwa na viti asivyovijua. Na ukutani pamebandikwa ramani.

Ilikuwa ramani ile ile. Mwandiko ule ule, tarehe ile ile, kuta zile zile mpaka kwenye sentimita. Majina tu ndiyo yaliyokuwa mengine. Palipoandikwa kwake "Chumba cha kushonea", hapa paliandikwa "Dada". Palipoandikwa "Stoo", paliandikwa "Baba".

Aliisoma mara mbili. Kwanza pumzi ilimshuka: kumbe ni dada, kumbe hakuna mke mwenzie. Kisha ikampanda tena, moto zaidi, maana mwanamke mwingine unaweza kugombana naye. Nyumba yako kuchorwa mara mbili, ukafutwa humo, utagombana na nani?

Chumbani, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkono mmoja umelala pajani hausogei. Mbele ya dirisha lile la chini, aliweza kuliona ziwa lote bila kunyanyua shingo.

"Wewe ndiye fundi wa mapazia?" aliuliza. "Mwanangu aliniambia yuko fundi mmoja mjini, hodari sana."

"Aliniita hivyo?"

"Alikusifu mno."

Mshonaji akapanda ngazi upesi. Fundi hodari. Miaka miwili ya "Sentimita wangu", na jina lake ndani ya nyumba hii ni fundi hodari. Akapachika pete kwenye fimbo, moja, mbili, tatu, na ya nne hakuiona kwa sababu ya machozi.

"Vumbi hilo, mwanangu?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Vumbi, baba."

Gari likasimama nje. Alishuka ngazi akampita dada mtu mlangoni, akamkuta Bwana Sawa akiteremsha godoro. Godoro likamponyoka.

"Sentimita..."

"Usiniite. Ulichora nyumba ngapi?"

"Moja."

"Ramani ngapi?"

Mawimbi madogo yalipiga mawe yale waliyowahi kuyakalia.

"Mbili," alisema mwishowe. "Wewe ulisema hutaki wakwe, nikasema sawa. Baba alipopata kiharusi akasema atakuja kwangu, mradi tu sina mke. Alisema hataki kulishwa na mke wa mtu, aibu itamwua. Nikamwambia sawa, sina mke."

"Ukaniita fundi."

"Nikakuita fundi. Nilidhani nikipata muda kidogo..."

"Ungefanya nini? Ungetuficha mimi na baba yako kwa zamu? Mimi nikipika yeye afungiwe stoo?"

"Sijui. Kwa wateja wangu huwa nachora anachotaka kila mtu. Mambo hujipanga."

"Mambo hayajipangi. Watu ndio hupangwa, na mimi ulinipanga. Niliwaza mabaya yote. Nilimshonea dada yako pazia nikidhani ni mkeo, unajua hilo? Siku tatu!"

Bwana Sawa alifunika uso kwa mikono. Mshonaji akauliza taratibu, kama anayepima kitambaa ambacho hakina cha ziada:

"Nikuulize moja. Nikisema sasa hivi, mimi au baba, umtoe humo ndani leo. Utanijibu nini?"

Alimwona akifungua mdomo. Alilijua neno linalokuja. Alikuwa ameshageuka nusu kuelekea kwenye gari, tayari kuondoka nalo.

"Hapana," alisema Bwana Sawa.

"Umesemaje?"

"Hapana. Simtoi baba. Nakupenda, na ukiondoka sijui nitaishije ndani ya nyumba hii, kila ukuta una kipimo chako. Lakini simtoi. Nilipaswa kukwambia hivyo siku ile kwenye mawe. Niliogopa utaondoka. Na sasa unaondoka." Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta.

Mshonaji alisimama. Miaka miwili alikuwa amepewa sawa kwa kila kitu, na ndani ya hizo zote hakuna hata moja aliyoweza kuilalia usiku akapumzika. Neno hili la leo lilimuuma kama kofi. Lakini lilikuwa la kweli, na alijikuta ameliamini bila kuuliza mara ya pili, jambo ambalo hakukumbuka lini liliwahi kumtokea kwa mtu huyu. Akageuka, akarudi ndani. Bwana Sawa akamfuata, hajui kama anafuata posa au matanga.

Mzee, aliyesikia yote kupitia dirisha lile, alikuwa amekwishageuza kiti kutazama mlango.

"Shikamoo, baba," alisema mshonaji. "Mimi ni mchumba wa mwanao. Miaka miwili sasa."

"Marahaba. Nilikuwa nangoja nani kati yenu ataniambia. Fundi gani hulia juu ya ngazi?" Akamtazama mwanawe mpaka mwanawe akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mshonaji. "Nakwambia mapema, mimi sitaki kulishwa na mke wa mtu."

"Nami sitaki kulisha wala kuogesha mtu, baba. Mama yangu alifanya hivyo, nikamkosa angali hai."

"Basi tumeelewana."

"Nani atakutazama?"

"Binti yangu. Ndiyo kazi yake, alisomea uuguzi. Na huyu," mzee alielekeza kidevu kwa mwanawe, "atajifunza kunibeba. Muda wa kuchora mara mbili alikuwa nao."

Dada mtu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. "Mungu wangu, kumbe ni wifi! Na nilikwambia habari za mume! Wifi, chumba chako cha kushonea nakurudishia leo hii, nahamia chumba cha baba."

Mshonaji akacheka huku analia, na Bwana Sawa akasogea karibu naye, akabakiza mita moja kamili asiyothubutu kuivuka.

"Utakaa nami?" aliuliza. "Utanioa... nikuoe? Mbele ya baba nakuuliza."

"Sikuamini bado. Nitakuwa nakuuliza kila kitu mara tatu. Simu zako utapokelea ndani."

"Utaniuliza mara kumi."

"Basi na wewe niulize kesho."

"Hapana," alisema Bwana Sawa. "Nakuuliza leo."

Mshonaji akamtazama, akaona hasogei wala hageuzi macho. Akavua futi shingoni, akaiweka juu ya kitanda cha mzee, na akasema ndiyo.