Uogeshaji Mmoja Kamili

Mikono-dari iliteremka taratibu, ikapitisha mishipi chini ya mapaja na mgongo wa Bi Mwantumu, ikamnyanyua kitandani bila hata shuka kukunjamana. Ndivyo zilivyokuwa nyumba zote za wagonjwa Tanga miaka hiyo: dari ina mikono ya chuma ya kunyanyulia watu, na katikati ya mikono lipo jicho la kioo, dogo kama kifungo cha shati, linaloona kila kitu na kukipeleka kwa Mizani. Mizani ilikuwa akili-mashine ya Mamlaka ya Ithibati. Ndiyo iliyoamua nani anaruhusiwa kufanya mtihani wa cheti cha kuhudumia wagonjwa majumbani, na nani akatafute kazi nyingine.

Mikono ikamkalisha bibi kwenye kiti cha kuogea, ikajikunja. Hapo mhudumu wake, Mwanaidi Shekalage, akafanya kama afanyavyo kila siku: akapanda kistuli, akalifunika lile jicho kwa kanga. Ndipo akaanza kumvua nguo.

Jambo hilo hakufundishwa darasani. Kwao mtu mzima havuliwi mpaka mlango ufungwe na pazia lishushwe, na anayemwogesha humtupia kanga ya pili mwilini, akapitisha kitambaa chini yake, asione asichopaswa kuona. Bi Mwantumu alikuwa amepooza upande wa kushoto, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Muda wote wa kuoga alikuwa akisimulia umbea wa mtaa, na kila mara humalizia, "Wewe mwanangu unaniosha kama mtu, si kama sufuria."

Siku ya kutangazwa wanaostahiki ikafika, na Mizani ikasema Mwanaidi hastahiki. Miaka miwili ya kazi, jamani! Kulisha kumo, dawa zimo, kumgeuza mgonjwa kumo. Kuogesha, hakuna. Eti hajawahi kumwogesha mtu! Na sheria mpya ilisema kuanzia Jumatatu asiye na cheti haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Bi Mwantumu angebaki kuogeshwa na mikono-dari peke yake, jicho likiwa wazi, mpaka siku ya kufa kwake.

Mwanaidi akaenda Mamlaka mbiombio, mikono ingali ikinuka sabuni. Akapokewa na msimamizi wa mitihani, Bwana Mbelwa, mtu mwenye upole wa kukera.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kanuni haina ugumu. Uogeshaji mmoja kamili, kuanzia kuvua hadi kuvisha, mbele ya jicho. Mmoja tu. Kisichoonekana, Mizani haiwezi kukihesabu."

"Muulizeni bibi mwenyewe. Ana akili zake timamu."

"Ushahidi wa mgonjwa haupokelewi. Wagonjwa huwaonea huruma wahudumu wao."

"Basi nimwogeshe mdoli, hapa hapa mbele yako."

"Mdoli hana ngozi. Mizani hupima unavyoishika ngozi ya mtu."

"Na hizo picha zinakwenda wapi baadaye?"

Bwana Mbelwa akajikuna shingo. "Zinafundishia mikono-dari mipya. Si unajua, siku za mbele ndiyo itakayoogesha wagonjwa wote."

Loo! Yaani umvue mama wa watu, umwanike mbele ya kioo, ili mashine ije ikunyang'anye kazi na yeye imnyang'anye heshima. Na hilo ndilo wanaliita kustahiki!

"Wenzako wote wamefanya," aliongeza Bwana Mbelwa. "Hakuna aliyelalamika."

"Wagonjwa je? Au nao ushahidi wao haupokelewi?"

Bwana Mbelwa akageukia kioo cha kompyuta yake. Mwanaidi akatoka bila kuaga.

Alipofika nyumbani kwa bibi alimweleza Bi Mwantumu yote, kisha akasema, "Naacha, mama. Siwezi kukufanyia hivyo."

"Uache uniachie nani? Hiyo mikono ya chuma?" Bibi alifoka. "Toa kanga kwenye hilo jicho."

"Sitoi."

"Nimekwambia toa! Nimezaa mbele ya wakunga, sikufa."

"Wakunga walikuwa watu, mama."

"Najua." Sauti ikamkatika. "Najua, mwanangu. Toa kabla sijaghairi."

Akaitoa. Akamvua. Akamtupia kanga ya pili mwilini, na papo hapo sauti ikatoka darini, laini, yenye adabu zote: "Mwili umefichwa. Uogeshaji haujakamilika."

Mwanaidi akaganda. Bi Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeivuta ile kanga kwa mkono wake mzima, akaiacha ianguke majini, akageuzia uso ukutani. Siku hiyo hakusimulia umbea wowote. Mwanaidi alimwosha haraka, akamfuta, akamvisha.

"Uogeshaji umekamilika," ikasema Mizani. "Unastahiki."

Jumamosi asubuhi akaketi kwenye ukumbi wa mtihani. Kioo kikawaka mbele yake, na sauti ikamsomea swali la kwanza sikioni: "Haki ya kwanza ya mgonjwa anayehudumiwa nyumbani ni ipi?" Chini yake yalipangwa majibu manne. La tatu lilisema: Kusitiriwa mwili wake.

Mwanaidi akacheka kwa sauti mpaka wenzake wakageuka kumtazama. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, akalibonyeza jibu la tatu.

"Sahihi," ikasema Mizani, ikamletea swali la pili.