Sapini ya Kavumu

Vita ilikuwa imemchosha Agathe mpaka hata kuogopa alikuwa anaogopa kwa uvivu. Tangu Agosti ile ya 1998, mumewe Isidore alipokwenda Kavumu kumchukua mama yake na barabara ikafungwa nyuma yake, watu walikuwa wanamwambia: keti matanga, ulie, umalize. Agathe akakataa. Hajaona maiti, atalia nini?

Sasa ilikuwa Desemba, na shida yake ilikuwa sapini, mti wa Noeli. Ya plastiki ilikuwepo, ndani ya katoni juu ya kabati. Lakini mguu mmoja wa sapini hiyo ulivunjika zamani, na Isidore peke yake ndiye aliyejua kuufunga kwa waya. Kila Noeli aliifanya kazi hiyo polepole, bila haraka yoyote. Kufungua katoni ile bila yeye ilikuwa sawa na kukubali kwamba harudi tena. Na Maombi, binti yao wa miaka sita, alikuwa anadai sapini asubuhi na jioni, jamani, mpaka masikio yanauma. Basi Agathe akaamua: atanunua mti wa kweli.

Alifika sokoni Nyawera giza likianza kuingia. Mvua inanyesha, wauzaji wanafunga vitu vyao. Kando ya ukuta alisimama mwanamume mmoja, kofia imeshuka mpaka puani, mkononi ameshika mti mchanga wa sipre wenye mizizi yake yote.

"Inatoka wapi?"

"Kavumu."

"Kavumu? Barabara si ilifungwa?"

"Sisi tunapita tu," alinong'ona. "Beba, maman. Hii ni ya kwako. Hakuna ya kulipa."

Mvua ilikuwa inanyesha... na nguo za yule mtu zilikuwa kavu, zimejaa udongo. Agathe aliona. Kuuliza si ujinga, tunajua wote, lakini mtu akichoka anaona kitu na kukipita. Akaweka mti begani, akashuka nao nyumbani, Nguba.

Maombi alirukaruka kwa furaha. Wakausimamisha ndani ya ndoo, wakaanza kuubandika pamba kwa mwanga wa taa ya petroli, maana umeme ulikuwa umekatika. Harufu yake haikuwa ya sipre. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi... na chini yake kitu kingine, kitamu, kilichooza.

"Maman, angalia. Iko na mapambo tayari."

Kitambaa kidogo, kimefungwa kwenye shina.

Agathe aliiacha pamba ianguke. Kwa maana tangu vita ya kwanza, ile ya 1996, mtu akizika asiyemjua kando ya barabara, alipanda sipre upande wa kichwa, akafunga kwenye shina kipande cha nguo ya marehemu, ili siku moja watu wake wapite na kutambua. Mti wa namna ile hakuna anayeung'oa. Hata anayetafuta kuni anaupita.

Alisogeza taa. Mistari ya bluu. Kifungo kimoja, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi wake.

Alikishona yeye mwenyewe kwenye shati la Isidore, mwezi wa Julai, kwa sababu uzi mweupe ulikuwa umeisha.

"Usifungulie mutu," alimwambia Maombi. Akafunga mlango kwa ufunguo, akakimbia kurudi Nyawera. Alitaka jambo moja tu: yule mtu amwambie aliung'oa wapi. Bila mti, kaburi lile sasa lilikuwa shamba kama mashamba mengine.

Pale ukutani hapakuwa na mtu. Constance, muuza makaa, alikuwa anafunga gunia la mwisho.

"Sapini? Mwaka huu hakuna mutu alileta sapini, mama Maombi. Nilikuona pale unaongea na ukuta. Nikasema, pole yake, huzuni imemushinda."

"Na muti? Si niliubeba?"

"Uliubeba, ndiyo." Constance aliangalia chini. "Sikuona ulitoka wapi."

Nyumbani mlango ulikuwa bado umefungwa kama alivyouacha. Ndani, Maombi ameketi sakafuni. Na kando ya sipre ilisimama sapini ya plastiki, mguu umefungwa kwa waya, mizunguko mitatu, ncha imefichwa isimchome mtoto.

Namna ya Isidore.

"Nani alifungua katoni?"

"Papa."

"Aliingilia wapi?"

"Hakuingia. Si ulikuya naye?" Mtoto alishusha sauti. "Amesema mbili ni mingi. Maman achague moja."

Agathe alikaa. Moyo ulitaka ile ya plastiki, loo, uliitaka! Ibaki imesimama, naye angojee mwaka mwingine, na mwingine tena. Lakini alikuwa amechoka kungojea.

Aliinuka, akabeba sipre mpaka nyuma ya nyumba, akachimba, akaipanda, akakaza kile kitambaa. Kisha akapiga yowe alilolizuia miezi minne. Majirani walitoka na kuni na mikeka. Wakaketi naye matanga.

Maombi alimvuta kitenge.

"Maman, sasa Papa atalala inje?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka ndani ya nyumba, mahali pasipo na mtu. Waya unafunguliwa... krii... krii...

Ghislaine, jirani yao, alishika taa aingie kuangalia. Agathe alimzuia mkono.

"Muache amalize," alisema. "Iko anakunja sapini. Hakuna siku aliifanya haraka."