Risasi ya Obura

Naapa kwa kaburi ya mama yangu, na anayebisha aondoke sasa hivi akalale na kuku: hii maneno yote ni ukweli mtupu, hata chumvi sijaongeza. Ilimpata Kiprugut, ndugu ya mama, wakati Emajensi ya mkoloni imeshika moto, kule Njoro. Kiprugut alikuwa mbeba bunduki wa mzungu, na bonde lote la Nakuru hakukuwa na mwingine kama yeye. Nyati akicheua huko msitu ya Mau, yeye anasikia akiwa jikoni na kikombe ya chai.

Huyo mzungu wake watu walimwita Bwana Kijiko. Wazungu wengine walinunua risasi mjini kama watu. Yeye, bahili wa kuzaliwa, aliokota maganda yaliyopigwa, akayasugua na jivu mpaka yang'ae, akatia fataki mpya ya kuwashia kwa kitako, akapima baruti na kijiko ya chai, halafu akashindilia juu kichwa cha risasi alichoyeyusha mwenyewe kwa sufuria. Na hiyo kijiko haikuwahi kujaa hata siku moja. Bunduki ni ya ndovu, mdomo mbili, kidole gumba kinaingia chote, halafu unailisha kama mgonjwa!

"Bwana, nyati hapana kuku," Kiprugut alimwambia. "Ongeza baruti."

"Nyamaza wewe. Mimi nasoma kitabu."

Kitabu. Kwani nyati anasoma?

Wakaenda kuwinda kule mlima ya Eburru. Risasi ikamwingia nyati kwa bega, ikakwama hapo chini ya ngozi kama kupe. Nyati mwenyewe, mkubwa kama behewa ya gari moshi, akamfikia Obura, yule mfuata nyayo wao, akampiga pembe chini ya kwapa ya kushoto. Kijiko alipomlaza nyati na risasi zingine, Obura alikuwa ashakufa. Na unajua mzungu alisema nini?

"Obura mjinga. Kwa nini yeye nakimbia?"

Wakaichimba ile risasi kwa bega. Kwao kina Kiprugut, wawindaji tangu babu zao, chuma ikishindwa kazi mpaka mtu akufe, inazikwa naye, mkononi. Kiprugut akanyosha mkono.

"Hiyo ni ya Obura, Bwana. Wacha aende nayo."

Mzungu alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mimi hapana zika chuma mzuri! Shenzi kabisa." Akatia mfukoni.

Asubuhi akaiyeyusha, akaimwaga ikawa risasi mpya. Kiprugut hakuwa mjinga. Alichukua msumari akakwaruza alama kwa ganda lake, ndio siku ya kuwinda asiiguse. Lakini Kijiko na ule upuzi wake wa kusugua! Akapitisha jivu kwa maganda yote tena. Alama ikaisha. Sasa zote zinafanana kama mayai, na zinavaliwa kwa mshipi wa Kiprugut, juu ya tumbo yake mwenyewe.

Wakarudi Eburru, jua la mchana limewaka. Bahili hatoki na risasi zaidi ya tano. Mbili kwa bunduki, tatu kwa mshipi. Kiprugut anajua: ile moja ikishindwa kazi tena, anayetangulia kwa nyati ni yeye, kama Obura.

Walikuwa katikati ya vichaka vya leleshwa Kiprugut aliposikia kitu kwa tumbo. Joto. Risasi moja ilikuwa na joto kama yai limetoka kwa kuku saa hiyo.

Akaisukuma mwisho kabisa ya mshipi.

Nyati akatokea. Kijiko akapiga. Akapiga tena. Nyati anakuja.

"Lete!"

Akampa zile mbili za baridi. Zikalia. Nyati anakuja tu.

"Lete, pumbavu!"

Imebaki moja.

"Bwana, hii hapana..."

"Lete!"

Akampa.

Bunduki haikulia. Ilikohoa. Kama mtu.

Nyati akasimama hapo hapo. Hakumwangalia Kijiko. Aliangalia nyuma ya huyo mzungu. Halafu akageuka, akaenda zake polepole, kama ng'ombe ametoka kukamuliwa.

"Kiprugut," mzungu akanong'ona. "Nani hiyo nyuma yangu?"

"Hapana mtu, Bwana."

"Iko. Nashika mimi hapa."

Akainua mkono wa kushoto. Akakaa chini. Hakuinuka tena.

Kiprugut alimfungua shati. Chini ya kwapa kulikuwa na shimo ya pembe, ngumi inaingia. Damu hakuna. Na shati haikuwa imetoboka.

Daktari akaja na tai yake, akaandika ni moyo. Moyo! Watu wamesoma mpaka wakawa vipofu.

Kiprugut alipofungua bunduki, risasi ilikuwa ndani, nzima, fataki haijaguswa. Na kwa ganda, ile alama ya msumari. Mpya.

Alienda akaizika kwa kaburi ya Obura, akashindilia mawe.

Mshipi ndio huo nyuma ya mlango wangu. Mimi sijawahi tia kitu ndani. Lakini kila nikimaliza kusimulia hii maneno naenda naushika, na pale mwisho, mahali ya risasi moja, panakuwa na joto.

Kwa hivyo imeishia hapa. Usimpelekee mtu hii maneno, hata bibi yako kitandani. Mimi nina mshipi wa kushika, najua Obura akifika. Wewe utajuaje amesimama nyuma ya nani?