Sukuma Zilizopigwa Dawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Martina alimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yao, kijijini Misigiri. Mama yake hakutumia mbolea wala dawa za dukani kwenye mboga. Aliweka samadi ya mbuzi, na wadudu aliwanyunyizia maji ya mwarobaini.

Juma moja wadudu walizidi, majani yakaanza kujikunja. Martina hakuwa na subira. Jumatano jioni, mama alipokwenda kisimani, alichukua dawa kali ya kuulia wadudu wa pamba iliyobaki stoo, akaikoroga kwenye maji na kunyunyizia matuta yote mawili. Hakumwambia mtu.

Asubuhi wadudu walikuwa wamekufa.

"Mwarobaini umefanya kazi," mama alisema kwa furaha. "Leo nitamchumia jirani yetu Eliana. Tangu ajifungue hajapata mboga ya maana."

Martina alichukua daftari zake haraka, akaenda shule.

Darasani hakutulia. Mwalimu alimwuliza swali la hesabu, yeye akajibu jina la mto. Wenzake walicheka, lakini hata hakuwasikia. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye jiko la jirani. Kengele ya mapumziko ilipolia, alitoka mbio.

Alimkuta Eliana jikoni, mtoto mchanga amelala mkekani, majani yamekatwa tayari kwenye ungo na sufuria iko motoni.

"Shikamoo, mama mdogo. Usipike hizo mboga."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nilizipiga dawa ya pamba jana. Mama hajui."

Eliana aliusogeza ungo mbali. Hakumkemea. Alinawa mikono kwa sabuni, akambeba mtoto, wakaenda wote kwa mama.

Martina alimweleza mama yote. Kisha aling'oa sukuma zote, shina kwa shina, akazifukia kwenye shimo refu mbali na kisima. Martina alichimba huku machozi yakimtoka. Kwa majuma mengi baadaye walikula mlenda tu, wakingoja miche mipya iliyopandwa upande wa pili wa ua.

Jioni ya siku ile walipozifukia sukuma, mama alimwita.

"Wadudu wangetumalizia mboga tu," alisema. "Dawa ile ingemdhuru Eliana, pengine na kichanga chake. Tamaa ya kupata haraka ndiyo iliyokuponza. Lakini hukungoja mtu augue ndipo useme, na kwa hilo nakushukuru. Ukikosea tena, mwanangu, njoo uniambie siku hiyohiyo."

"Nitakuja, mama," Martina akajibu.