Mafuta ya Mama Berthe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eneless alianika chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, juu ya mchanga wa Nchelenge. Zamani aliimba akifanya kazi hiyo. Tangu baba yake, mzee Kafula, azikwe, alianika kimya huku akikitazama kibanda cha Mama Berthe, mwuza mafuta ya mawese aliyevuka kutoka Kilwa, upande wa Zaire, msimu wa mvua uliopita. Alimchukia mwanamke yule kwa moyo wote.

Ufuoni pale hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Kafula alipenda samaki wake waungwe kwa mawese ya Berthe. Kisha macho yake yakawa ya manjano, ngozi nayo ikafuata, akawa anajikuna mpaka damu. Mafuta yamempanda hadi machoni, watu wakasema, kwa hiyo yalitiwa sumu. Wao wenyewe waliyala mafuta hayo hayo na kulamba vidole, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka.

Ackson, mdogo wake Kafula, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Damu ya kaka yangu haiendi bure," alimwambia Eneless. "Tutapasua mapipa yake, tumtie mtumbwini arudi kwao. Lakini polisi wakija, lazima tuwe na neno la daktari. Nenda wewe, binti yake, hatakunyima. Akisema sumu, leo leo tunamaliza."

Eneless hakungoja kuambiwa mara ya pili. Njia nzima aliwaza mapipa yakipasuka na Mama Berthe akilia kama yeye alivyolia, na wazo hilo likawa tamu kwake.

Daktari Mpundu, aliyempasua Kafula hospitalini, alimpa kiti.

"Daktari, baba aliuawa kwa sumu gani?"

"Si sumu, mwanangu. Ni saratani ya kongosho. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kina mirija midogo inayopeleka maji ya kusaga chakula. Ndani ya mirija hiyo chembe hai hujipanga safu moja, kama matofali ya ukuta. Wakati mwingine zinaanza kurefuka na kuzaana ovyo, zinapandana. Hiyo bado si saratani. Mtu haumwi, anavua samaki wake kama kawaida. Kwa wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache chembe huzidi kuharibika, hatua kwa hatua, mpaka siku moja zinatoboa ukuta wa mrija. Hapo ndipo inakuwa saratani."

"Na manjano yale?"

"Uvimbe uliziba njia ya nyongo, ikarudi kwenye damu. Tulikata kipande kidogo kikapimwa kwa hadubini. Kando ya saratani ilionekana mirija iliyoharibika kidogo, na mingine iliyoharibika sana. Tunadhani safari hiyo huchukua miaka mingi. Chanzo chake hatukijui vizuri, ila tumbaku tunaishuku, na baba yako alivuta sana."

Eneless alirudi akiburuta miguu. Ukweli ule haukumfariji hata kidogo, maana ulimnyang'anya adui yake.

Ufuoni aliwakuta Ackson na wenzake wamezunguka kibanda, mashoka mkononi. Mama Berthe alikuwa ameketi juu ya pipa lake, hasogei. Wote walimgeukia Eneless.

Neno moja tu lilitosha, na alitamani kulisema. Nani angekwenda kumwuliza daktari? Ulimi ulikuwa tayari.

"Mutoto," alisema Mama Berthe kwa Kiswahili cha kwao, "sema tu byenye munganga alikwambia. Kama ni mafuta yangu, miye mwenyewe nitaimwanga."

Eneless alimtazama. Akaona kwamba akidanganya, yeye ndiye atakayekuwa ametia sumu, tena mbele ya watu.

"Si mafuta," alisema. Akamgeukia Ackson, akarudia. "Si mafuta. Ni saratani."

"Daktari amekudanganya kwa sababu wewe ni mtoto," Ackson alifoka.

"Basi twende wote ukamwulize, Baba mdogo. Ugonjwa ulianza miaka mingi kabla Mama Berthe hajafika. Alikuwa Kilwa, wala hakumjua baba. Alimtilia sumu kutoka ng'ambo ya ziwa?"

Mashoka yakashuka, moja baada ya jingine. Wenye mashoka wakaanza kukumbuka kazi zao za nyumbani. Ackson peke yake alibaki, akaanguka magoti mchangani.

"Sasa nimlipize nani?" aliuliza, akalia kwa sauti.

Mama yake Eneless, aliyekuwa amesimama pembeni na khanga ya msiba, akamjia.

"Hakuna, shemeji. Msiba usio na mwenye kosa ni mchungu, ndiyo maana tunakimbilia kumtafuta kwa jirani. Tungemtesa huyu, Kafula asingerudi, na sisi tungekuwa tumedhulumu kwa jina lake. Ukweli lazima tuupokee hata ukitunyima mtu wa kumchukia."

Mama Berthe alishuka kwenye pipa, akaketi karibu na Ackson, akalia naye. Eneless, akiwa bado na hasira, alisogea polepole akaketi katikati yao.