Hewa Ndani ya Rejeta

Rejeta ya chumba cha mzazi, lile bomba la chuma la kupashia chumba joto kwa maji ya moto, ilikuwa baridi. Zile nyingine zote ukutani zilibabua vidole, nepi alizoanika Burul juu ya ile ya sebuleni zilikauka kabla hajamaliza kuzipanga, na boila ya makaa kule nyuma ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri. Nje mji mzima wa Naryn ulikuwa umeganda. Meerim, ambaye hata arobaini yake ilikuwa bado mbali, alinyoosha mkono kutoka kitandani akaigusa ile rejeta chini ya dirisha. Chini ilikuwa na uvuguvugu, juu hakuna kitu. Aliuacha mkono pale pale, maana hakuwa na hakika kama kilichopoa ni chuma au ni mkono wenyewe.

Hakushtuka. Tangu ajifungue hakuna kilichomshtua. Walimwekea mtoto kifuani, dume zima la mashavu manene, wakangoja alie kwa furaha, naye akamtazama kama mtu aliyeachiwa mzigo wa jirani. Akipewa, alimnyonyesha. Asipopewa, hakumwomba. Burul, mama mkwe wake, alikuwa ameliona hilo, na Talant mumewe alikuwa ameliona, na nyumba nzima ilikuwa ikisubiri siku atakayosema kwa kinywa chake mwenyewe, nipeni mwanangu. Aliyeisubiri kuliko wote ni Meerim. Alitaka kumpenda mtoto wake. Kila alipojipapasa moyoni alikuta ganzi tupu, na hilo ndilo lililomtisha, ingawa hata hofu yenyewe aliisikia kwa mbali.

"Hewa tu hiyo," alisema Talant, akaingia na kifunguo kidogo na kikombe cha bati. Mabomba yale aliyafunga kwa mikono yake kiangazi kilichopita, na sifa alizojimwagia zilikuwa bado hazijakauka. "Hewa ikinaswa huku juu, maji ya moto hayapandi. Unaitoa, mchezo umekwisha."

"Basi itoe," Burul alimjibu kutoka mlangoni. "Mjukuu wangu ataganda wewe ukihutubia."

Talant akazungusha skrubu ya pembeni. Hewa ikaanza kutoka kwa mlio mwembamba, ikakoma, ikatoka tena, ikakoma, na kila ilipotoka chumba kilijaa harufu ya mapafu ya kondoo aliyepasuliwa sasa hivi.

"Mbona kunanuka kama machinjioni?" Burul aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maji yakikaa ndani ya mabomba yanachacha, mama. Ndivyo yalivyo."

Maji meusi yakaruka kikombeni, akafunga skrubu, na chuma kikaanza kupata moto. Kitandani, Meerim alikuwa amefungua kinywa aseme jambo akakuta hana pumzi ya kulisemea. Akakifumba.

Burul hakutaka kubahatisha. Alimhamishia mkamwana wake sebuleni, kwenye rejeta ya moto kuliko zote, akamfunika blanketi, akaenda kumtilia supu. Aliporudi na bakuli, rejeta ya sebuleni ilikuwa imepoa kuanzia juu, na ile ya chumbani ungeweza kukaangia yai.

"Nimeoa barafu jamani," Talant alicheka, akachukua kifunguo chake.

Hakuna aliyecheka naye mara ya pili, Meerim alipohamishiwa jikoni na rejeta ya jikoni ikafa. Alikopita Meerim baridi ilikuwa nyuma yake, na nyuma ya baridi alikuja Talant na kikombe chake, mume mwema asiyetaka mkewe na mwanawe wapate tabu, akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, na kila alipofungua mlio ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza na ndani yake kulikuwa na kitu kama mtu anayetaka kukohoa, na harufu ile ikashika mapazia na mkate na nywele za mtoto, na Meerim akakaa kitako akiangalia skrubu ikizunguka huku kifua chake kikididimia taratibu bila maumivu, bila kelele, akiwaza kwa utulivu wa ajabu kwamba pengine huku ndiko kufa kwenyewe na kwamba yule mtoto hatajua kama aliwahi kupendwa.

Ni Burul aliyeudaka mkono wa mwanawe. "Acha! Funga hiyo! Mtazame mkeo, Talant. Ukifungua, kifua chake kinashuka."

Talant akatazama. Midomo ya Meerim ilikuwa ya buluu. Kifunguo kikamponyoka.

Bibi Sonun aliletwa mchana ule ule, na mjeledi wake mkononi na kifungu cha matawi makavu ya archa, mti wa milimani wa kufukizia, kwapani. Kazi yake ilikuwa kufukuza albarsti, jini linalowaandama wanawake waliojifungua, na alikuwa ameifanya tangu meno yake yakiwa kamili. Hakumtazama mgonjwa. Alikinusa kikombe cha bati, akakunja uso.

"Zamani alikuwa akimpora mzazi pumzi anakimbilia nayo mtoni," alisema polepole. "Ikishazama, mwanamke ndiyo basi tena. Sasa nyinyi mto mmeuingiza ukutani, na moto mkamwashia. Aende mtoni kutafuta mafua?"

"Kwa hiyo mimi nimekuwa..." Talant alikitazama kikombe.

"Unammwaga mkeo. Kikombe kwa kikombe." Kisha akainama sikioni kwa Meerim. "Mwanangu, mumeo atafungua tena, ila safari hii wewe utaweka mdomo pale uivute pumzi. Itatangulia iliyo yako. Utaijua, haihitaji kuambiwa. Ya albarsti inafuata nyuma. Nikisema achia, achia papo hapo. Usiionje hata kidogo. Umenisikia?"

Meerim akaitikia kwa kichwa.

Burul akampeleka mtoto chumba cha pili, akafunga mlango. Matawi yakawashwa, moshi ukatanda, mjeledi ukaanza kulia juu ya chuma, na Talant akafungua skrubu. Meerim akabandika midomo pale, akavuta.

Kwanza alisikia miguu yake ikiuma kwa baridi. Halafu mshono ukamchoma, matiti yakamjaa yakamuuma, na chozi likamtoka. Na ng'ambo ya mlango mtoto akalia, kilio chembamba cha njaa, na kilio kile kikampiga Meerim katikati ya moyo kama alivyoambiwa kabla ya kujifungua kwamba kitampiga. Alimpenda. Ni wangu yule, aliwaza, Mungu wangu, ni wangu.

"Achia!" Bibi Sonun alipaza sauti.

Aliisikia. Lakini alikuwa amekaa ndani ya ganzi siku nyingi mno, na raha ile alikuwa ameipata funda moja tu, akaogopa kwamba akiachia itakatika. Akavuta mara moja zaidi. Nayo iliyokuja ilikuwa tamu, na ya baridi.

Talant akamvuta mabega, maji yakaruka, skrubu ikafungwa. Bibi Sonun akaipapasa rejeta juu hadi chini, akaungua kiganja, akacheka kama msichana. "Ametoka! Shahidi ni chuma chenyewe hiki!"

Burul akafungua mlango, mtoto begani. Midomo ya mkamwana wake ilikuwa imerudia wekundu wake. "Unajisikiaje, mwanangu?" alinong'ona.

Meerim alitaka kuwaambia. Kwamba alikuwa amempenda, sasa hivi tu, na pendo lile bado lilikuwamo huko chini, lakini kuna kitu kimelala juu yake. Kwamba wamtoe mtoto humu ndani, wamvike, wakimbie naye kwa jirani. Alikusanya pumzi yake, ile kidogo iliyokuwa yake kweli, akaisukuma hadi kooni, akakuta koo lina mwenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo.

"Nipeni mwanangu," ilisema.

Burul akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Talant akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akampokea mtoto kutoka kwa mama yake, akamletea.