Barua ya Nne ya Leonia

Land Cruiser nyeupe ilikata kona ya Mwanga bila kupunguza mwendo. Mama aliyekuwa akivuka na beseni la dagaa aliruka mtaroni. Dagaa wakamwagika. Gari halikusimama.

Mita mia mbili nyuma, Castory Ruhuza aliikazia mwendo pikipiki yake, Honda XL, na kumeza vumbi.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni, waya wake ukipanda hadi sikioni.

"Kipanga, hapa Mnara. Uko wapi?"

"Mwanga. Nalifuata gari la mradi. Linaelekea ziwani."

"Usiliguse."

"Mnara, lina masanduku manane ya..."

"Nimesema usiliguse. Subiri maelekezo."

Subiri.

Wiki saba alikuwa akilisikia neno hilo hilo.

Ilikuwa Oktoba 1997. Makambi ya wakimbizi mkoani Kigoma yalikuwa yamefurika, na kipindupindu nacho kilikuwa kimefurika pamoja nayo. Serikali ilikuwa imetoa fedha za utafiti ili maji ya visima na ya ufukwe yapimwe kila wiki, kuanzia Ujiji hadi makambini. Mradi ulipewa nyumba Katubuka, maabara, magari mawili na boti. Mkuu wake alikuwa Daktari Gervasi Kabanda, mtu wa miwani ya dhahabu na sauti ya upole.

Agosti, Daktari Kabanda alitoa ripoti. Maji salama. Kwa ripoti hiyo, dawa ya klorini ikasimamishwa katika visima sita vya Kasingirima na katika kambi moja.

Wiki tatu baadaye watu wakaanza kuzikwa.

Castory alitumwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu nyingine kabisa. Risasi zilikuwa zikivuka ziwa kwenda kwa waasi wa ng'ambo, na Idara ya Usalama ilitaka kujua zinapitia wapi. Alikuwa Mha wa Kasulu, akizungumza Kiha na Kirundi, kwa hiyo wakampa spana na ovaroli. Akaingia mradini kama fundi wa majokofu. Alipiga picha kwa kamera ya Minox, ndogo kuliko kiberiti. Alisikiliza. Hakuuliza kitu.

Labda ndiyo maana Leonia alimwamini.

Leonia Ntibona alikuwa mpimaji wa maabara. Ndiye pekee aliyejua kwamba tangu Aprili hakuna chupa hata moja ya maji iliyofika mezani kwake. Tarakimu za ripoti zilitungwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo akawa anakwenda mwenyewe, siku zake za mapumziko, kwa miguu, anachota, anapima na kuandika katika daftari lake jekundu. Maji yalikuwa machafu.

Aliandika barua wizarani. Kimya.

Akaandika ya pili. Kimya.

Ya tatu ilirudi Kigoma. Ilirudi mezani kwa Daktari Kabanda mwenyewe, imebanwa na kikaratasi: *Kwa maoni yako.*

Jana asubuhi polisi walimfuata Leonia kazini. Kosa: wizi wa daftari, mali ya mradi. Aliwaona kupitia dirisha. Akakimbilia kwenye jokofu bovu ambalo Castory alikuwa amelifungua.

"Mwakeye, fundi," alisema akihema, kana kwamba ana muda wa salamu. "Lifiche hili. Usimpe mtu."

Castory akalisukuma nyuma ya mota. Polisi walimpita akifunga skrubu, wakamchukua Leonia.

Na leo, saa nne asubuhi, Castory alikuwa ameona masanduku ya sampuli yakipakiwa. Yale masanduku ya bluu ya kuwekea barafu. Leonia alizoea kubeba moja kwa mkono mmoja. Leo wanaume wawili walilibeba moja, na shingo zao zikatoka mishipa.

Maji hayana uzito huo.

Barabara ikashuka mjini. Stesheni ya reli ikapita. Ziwa likafunguka upande wa kushoto, buluu, tulivu, halijali.

"Mnara, hapa Kipanga. Wanakwenda Kibirizi. Boti ikiondoka, tumewapoteza."

"Naibu waziri anakuja Jumatatu kuzindua awamu ya pili ya utafiti huo. Hatutaki fujo. Subiri."

"Mnara, husikiki."

"Nimesema..."

Castory alichomoa waya sikioni.

Mwalo wa Kibirizi ulikuwa umejaa wachuuzi na mizigo ya mawese. Boti ya mradi ilikuwa imefungwa karibu na ufukwe, mashine mbili za Yamaha nyuma, neno UTAFITI ubavuni. Masanduku sita yalikuwa yamekwisha kupanda. Daktari Kabanda alisimama mchangani na Sajenti Selestini wa polisi wa majini, ambaye alikuwa akisoma barua yenye mhuri mkubwa.

"Haipekuliwi, Sajenti," Daktari alisema kwa upole. "Sampuli zikifunguliwa juani zinaharibika. Ni kazi ya Serikali."

"Naelewa, Daktari. Safari njema."

Castory aliilaza pikipiki mchangani.

Daktari alimtazama, akashangaa. "Fundi? Umefuata nini huku?"

"Masanduku, Daktari. Nimeambiwa hayapoozi."

Tabasamu la Daktari likafa. Aliinua kidole kimoja tu.

Dereva wa Land Cruiser, mtu wa mabega mapana, alitoka nyuma ya gari. Mkono wake ukaingia ndani ya koti. Castory hakungoja utoke. Spana ilitua juu ya kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Pigo la pili likamkalisha dereva chini, akitapika.

"Ondoa boti!" Daktari alipiga kelele. Upole ulikuwa umekwisha.

Yamaha zikanguruma.

Castory alikimbia. Maji ya magoti. Maji ya kiuno. Akachomoa bastola yake ya Makarov kifuani, akasimama, akavuta pumzi.

Risasi moja. Mashine ya kushoto ikakohoa.

Risasi ya pili. Ya kulia ikanyamaza.

Nahodha aliinua mikono juu kabla hajaambiwa.

"Tupa silaha!" Sajenti Selestini alikuwa amemwelekezea bunduki mgongoni. "Wewe nani?"

"Kitambulisho kiko mfuko wa shati, Afande. Lakini kwanza njoo uone."

"Barua inasema yasifunguliwe!"

"Basi usifungue wewe."

Castory alidandia boti, akakata utepe wa sanduku la kwanza, akainua kifuniko. Juu, mifuko ya barafu. Akaitupa ziwani, mmoja, wa pili, wa tatu. Chini yake shaba iling'aa juani. Risasi, zimepangwa mstari kwa mstari.

"Hii ni sampuli ya maji gani, Afande?"

Sajenti aliisoma ile barua tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa la tahajia. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akatoa pingu.

"Mnamjua aliyesaini?" Daktari Kabanda alisema, pingu zikifungwa. "Mnamjua?"

"Atatafutwa naye," alisema Sajenti. Lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Castory alirudisha waya sikioni.

"Mnara, hapa Kipanga. Masanduku manane. Watu watatu."

Redio ikakoroma.

"Kazi nzuri. Tutayazungumza ya kutotii baadaye."

"Kuna na ripoti ya uongo, Mnara. Watu wanakunywa maji yale sasa hivi."

"Hilo si letu. Litapelekwa wizarani."

"Barua tatu zimepelekwa wizarani."

"Kipanga, usinifundishe kazi."

Castory alitaka kuitupa ile redio ziwani. Aliiacha kiunoni. Ilikuwa mali ya Serikali, na yeye alikuwa amechoka kuona mali ya Serikali ikipotea.

Katika kituo cha polisi, ofisa wa zamu hakutaka kumwachia Leonia. Jalada lilikuwa halali. Mlalamikaji alikuwa Daktari.

"Mlalamikaji wako yuko nje kwenye gari la polisi," Castory alisema. "Ana pingu. Utamwita atoe ushahidi dhidi ya nani?"

Leonia alitoka bila viatu. Polisi walikuwa wamevipoteza. Alimwona fundi ameshika daftari jekundu, alilokuwa amepita kulitoa jokofuni, akalichukua kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani hasa?"

"Fundi."

Hakucheka. "Niandike barua ya nne?"

"Kwa nani?"

Leonia alilitazama daftari. Kisha akasema, "Mwalo wa Ujiji kuna Mzee Khalfani. Ana pikapu yenye spika, anatangaza sinema na mpira."

Kabla ya saa tisa pikapu ile ilikuwa inatambaa Kasingirima. Mzee Khalfani hakudai chochote. Mjukuu wake alikuwa amelazwa. Leonia alisimama nyuma, miguu mitupu, akasoma daftari kwenye kipaza sauti. Kisima kwa kisima. Tarehe kwa tarehe. Kisima cha karibu na soko, msinywe. Kisima cha kwa mwashi, msinywe. Chemsheni. Chemsheni yote.

Watu walitoka majumbani. Mwanamke mmoja wa makamo alishika ubavu wa pikapu, ikabidi isimame. Alikuwa Bi. Mwasiti. Mwanawe alizikwa wiki iliyopita.

"Mlijua?" aliuliza.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Niliandika mara tatu."

"Uliwaandikia nani?"

"Wakubwa."

Bi. Mwasiti alitikisa kichwa. "Sisi tupo hapa hapa, mwanangu. Ungekuja kutuambia sisi."

Leonia aliinama juu ya daftari, mabega yakatikisika. Kisha akajifuta kwa kiganja, akainua kipaza sauti, akaanza upya kutoka kisima cha kwanza.

Castory aliyasikia yote akiwa ameegemea ukuta. Kuna mambo ambayo Makarov haiwezi kuyarekebisha.

"Kipanga, hapa Mnara. Ndege inaondoka saa kumi na moja. Thibitisha."

"Nathibitisha."

Alianza kutembea. Mbele kidogo msichana alikuwa ameketi kizingitini na mtungi wa maji. Castory alikuwa hajanywa kitu tangu alfajiri.

"Naomba maji, dada."

Msichana alichota kikombe, akakitoa. Kisha akasita, masikio yake yakiwa kwenye spika. Akayamwaga yale maji mchangani.

"Kaa, kaka. Nakuchemshia."

Castory alitazama saa yake, kisha akaketi.

Alikunywa yakiwa bado ya moto, akashukuru, akavaa kofia yake, akaondoka.